PDF, TIFF, PNG au JPEG: faili lipi la kusahihishia fomu za OMR?

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unatumia fomu za OMR, yaani fomu za viduara ambavyo mtahiniwa huvijaza kwa penseli na mashine huvisoma, tangu 2012. Shule inayotaka watoto wake wazoee kuweka kivuli kabla ya siku yenyewe haina budi kuwapa fomu kama hizo kwenye majaribio na kwenye mtihani wa utamilifu. Kuzichapa si shida. Steshenari za Dodoma mjini zitakutolea nakala siku hiyohiyo. Kazi inaanza zikirudi zimejazwa. Mwalimu wa taaluma mwenye fomu mia nne mezani ana njia mbili: akate kadibodi yenye matundu ya majibu sahihi na kuipitisha juu ya kila fomu, au aziskani na kuiachia programu izisome. Programu za bure zipo, na zinafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida: FormScanner, OMRChecker, SDAPS, Auto Multiple Choice.

Ukifika kwenye skana, mashine nayo inakuuliza maswali. PDF, TIFF au JPEG? Nyeusi na nyeupe, kijivu au rangi? Nukta ngapi kwa inchi? Wengi wanaacha kama aliyetangulia alivyoacha, wanabonyeza kitufe cha kijani. Uamuzi huo una uzito mkubwa. Fomu zikishafungwa mabunda na kuingizwa stoo, faili ndilo shahidi aliye karibu pale mzazi anapokuja kuuliza kwa nini mwanawe amepata 31 na si 38.

Kwa mwenye haraka, uchaguzi wangu ni huu. Ukiwa na skana, chagua kijivu, nukta 200 kwa inchi, hifadhi kwa PDF ya kawaida au PNG. Ukiwa na simu tu, JPEG inatosha, ila itume kama dokumenti. TIFF iache mpaka programu yako iidai. Matokeo yahifadhi kwa CSV (maandishi matupu), yaonyeshe kwa XLSX (faili la Excel). Mwenye nafasi aendelee kusoma, maana kila moja ya hizo ina sharti lake.

Kijivu kwanza, jina la faili baadaye

Programu ya OMR inasoma fomu hivi: inatafuta alama za pembeni, inanyoosha ukurasa uliopinda, inakwenda kwenye nafasi ya kila kiduara na kupima weusi uliomo. Weusi ukipita kizingiti, kiduara kimejazwa. Usipofika, kiko wazi. Kazi yote iko kwenye kupima weusi, kwa hiyo swali la kwanza si faili linaitwaje bali limebeba weusi wa namna gani.

Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe, skana yenyewe inaamua kila nukta ni nyeusi au nyeupe kabla programu haijaona chochote. Sasa mfikirie mtoto aliyeweka kivuli B, akajirekebisha, akafuta kwa raba, akaweka C. Kwenye karatasi B imebaki na ukungu wa penseli. Kwa kijivu kila nukta ina ngazi 256, na programu inaona wazi kwamba B ina weusi kidogo na C ina weusi mwingi. Kwa nyeusi na nyeupe, ukungu ule unaweza kugeuka weusi kamili, na mtoto akahesabiwa amejibu mawili. Au mwingine aliyeandika kwa mkono mwepesi, vivuli vyake vyote vikageuka weupe na fomu ikasomeka tupu. Faili la namna hiyo halirekebishiki. Unashuka stoo kutafuta karatasi.

Ndiyo maana nasimama upande wa kijivu bila kusita, hata kama faili ni kubwa zaidi. Hesabu yenyewe haitishi. Ukurasa wa A4 kwa nukta 200 una upana wa nukta 1,654 na urefu wa 2,339, jumla yake kama milioni 3.9. Kabla ya kubanwa, ukurasa huo kwa nyeusi na nyeupe ni takribani nusu megabaiti, kwa kijivu megabaiti 3.9, kwa rangi megabaiti 11.6. Ukipanda hadi nukta 300, kijivu kinafika megabaiti 8.7 na rangi 26. Faida yake ni ndogo: kiduara cha milimita 5 kwa nukta 200 kina upana wa nukta 39 hivi, na hizo zinaipa programu zaidi ya nukta elfu moja za kupima ndani ya duara moja. Kwa nukta 100 unabaki na upana wa 20, na hapo ukurasa ukipinda kidogo tu kipimo kinaanza kugusa mstari wa duara lenyewe. Mia mbili ni mahali pazuri pa kusimama.

Rangi huihitaji, isipokuwa fomu zimechapwa kwa wino wa rangi, kwa mfano viduara vyekundu, na unataka kuufuta wino huo ili ibaki penseli peke yake. Fomu za kutoa nakala steshenari ni nyeusi, kwa hiyo suala hilo halipo.

TIFF au PDF

Haya mawili yanabeba kurasa nyingi ndani ya faili moja, na hapo ndipo yanaposhindana.

TIFF ilitoka 1986 kwa kampuni ya Aldus, na toleo lake la sita, la 1992, ndilo linalotumika mpaka leo. Ni faili la watu wa skana tangu zamani. Inapokea nyeusi na nyeupe, kijivu na rangi, na inaweza kubana bila kupoteza hata nukta moja. Kwa nyeusi na nyeupe hutumika mbano uitwao Group 4, uliotoka kwenye mambo ya faksi, na ukurasa safi unashuka hadi makumi ya kilobaiti tu. Neno "safi" hapo lina maana yake. Group 4 hurekodi mahali ambapo mstari unabadilika kutoka weupe kwenda weusi, na kila chembe ya vumbi ni mabadiliko mapya. Anayeijua Dodoma ya kiangazi, upepo unapopita ofisini madirisha yakiwa wazi, anajua kioo cha skana kinakaaje baada ya siku mbili. Faili linavimba, na chembe zikiangukia ndani ya viduara zinahesabiwa. Chembe ikikaa kwenye ule mwanya mwembamba wa kioo ambapo karatasi zinazomezwa na mashine hupita, inachora mstari kutoka juu hadi chini kwenye kila ukurasa wa bunda zima. Futa kioo hicho kwa kitambaa laini kila bunda, uwe unatumia faili lolote.

Udhaifu wa TIFF ni kwamba simu nyingi na vivinjari vingi havifungui. Mkuu wa shule akitaka kuiona fomu moja akiwa kikaoni Chamwino, hutamtumia TIFF. Pia baadhi ya programu zinafungua ukurasa wa kwanza tu na kunyamaza kuhusu zilizobaki, jambo ambalo ni baya kuliko kukataa kabisa. Hata hivyo SDAPS inataka TIFF ya nyeusi na nyeupe, kurasa nyingi, nukta 300. Ukiichagua programu hiyo unafuata sharti lake, lakini skani kwa kijivu kwanza, uhifadhi, kisha ubadilishe nakala. Usiruhusu skana ikufanyie uamuzi huo wa weusi moja kwa moja.

PDF ya Adobe ilitoka 1993 na ikawa kiwango cha ISO mwaka 2008. Inafunguka kila mahali, na ndiyo mashine nyingi za ofisi hutoa bila kuuliza. Kwa hiyo wengi wataishia huko, na si vibaya. Ila PDF si picha. Ni gunia, na ndani yake panaweza kuwa na JPEG, Group 4, au mbano wa JBIG2, na jina la faili halikwambii ni kipi.

JBIG2 inastahili tahadhari ya pekee. Inapotumika kwa namna ya kupoteza, hutafuta maumbo yanayofanana kwenye ukurasa, huhifadhi moja, kisha hulibandika mahali pa mengine yote. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye hati zilizoskaniwa: 6 ikatoka 8, bila ukungu wowote wa kumshtua msomaji, na chanzo kilikuwa mbano huo. Sasa tazama fomu ya OMR. Ni ukurasa mzima wa maumbo yanayofanana, viduara mia na zaidi, vingine tofauti yake ni kivuli chepesi. Sitaki mbano wa namna hiyo uguse majibu ya mtoto.

Upo pia mtindo wa PDF ambao mashine huuita wa kubana sana au faili dogo. Huo huugawa ukurasa matabaka: maandishi meusi yanabaki makali, na kila kilicho hafifu kinapelekwa nyuma kwenye picha iliyofifishwa. Penseli ni hafifu. Kivuli cha mwanafunzi kinaweza kuishia kwenye tabaka la ukungu wakati herufi za fomu zinang'aa. Zima mtindo huo, chagua PDF ya kawaida ya kijivu.

Kujua kilichomo ndani ya gunia ni rahisi. Programu ya bure ya Poppler ina amri iitwayo pdfimages. Kwenye dirisha la amri la kompyuta, andika

pdfimages -list utamilifu.pdf

nayo itakuorodheshea kila ukurasa: aina ya mbano, rangi au kijivu, na nukta kwa inchi. Ukiona jbig2, rudi kwenye skana. Ukiona jpeg kwa nukta 200, umesalimika. Kisha

pdfimages -all utamilifu.pdf ukurasa

inazitoa picha zote kama zilivyo, bila kuzibana upya. OMRChecker hupokea picha za PNG na JPEG, kwa hiyo hatua hii utaihitaji. Njia ambayo watu huikimbilia ni tovuti za bure za kubadilisha PDF kuwa picha. Nyingi huuchora ukurasa upya kwa nukta chache kuliko ulivyoskani, na kazi yote ya skana inapotea. Zaidi ya hapo, unakabidhi majina na namba za watoto kwa mtu usiyemjua. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za mwanafunzi zinalindwa nayo kama za mtu mwingine yeyote.

PNG au JPEG

Utasikia wataalamu wakikataza JPEG kabisa kwenye OMR. Sikubaliani nao.

Ni kweli JPEG hupoteza. Kiwango chake, cha 1992, huikata picha vipande vya nukta 8 kwa 8 na kutupa yale madogo ambayo jicho haliyaoni kirahisi. Kandokando ya mistari mikali huacha vimadoa. PNG, iliyopitishwa 1996, haipotezi kitu: kilichoingia ndicho kitakachotoka. Kwa maneno hayo PNG imeshinda. Lakini kumbuka programu inapima wastani wa weusi wa nukta elfu na zaidi ndani ya duara. Vimadoa vya JPEG ya ubora mzuri, tuseme 85 kwenda juu, vinamezwa na wastani huo, kivuli kinabaki kivuli. Na faili la JPEG ni dogo mara kadhaa kuliko PNG ya ukurasa uleule wa kijivu, kwa sababu mikwaruzo midogo ya karatasi inayoonekana kwenye kijivu haibaniki kirahisi kwa njia ya PNG.

Kinachoiharibu JPEG ni kuihifadhi tena na tena. Unaifungua, unaizungusha, unahifadhi. Unaikata pembe, unahifadhi. Kila mara inapoteza tena. Kwa hiyo kanuni yangu: JPEG ikitoka kwenye kamera au skana usiiguse. Ukitaka kuinyoosha au kuikata, matokeo yahifadhi kwa PNG. PNG moja hubeba ukurasa mmoja, jambo ambalo kwa OMR ni faida, maana faili moja ni mwanafunzi mmoja.

Kwa walio mbali na skana, shule za pembezoni mwa Chemba au Mpwapwa kwa mfano, simu ndiyo skana. OMRChecker imetengenezwa ikizingatia picha za simu na inafanya vizuri, mradi alama za pembeni zionekane zote. Hapa mambo matatu yanaharibu kuliko mbano wa JPEG wenyewe. La kwanza ni WhatsApp: ukituma kama picha, inapunguzwa ukubwa na kubanwa upya. Tuma kama dokumenti, faili lifike lilivyo. Fomu hamsini ziweke kwenye faili moja la ZIP, zifike kwa pamoja. La pili ni zile programu za simu za kuskani zinazong'arisha ukurasa uwe mweupe pe. Zinapendeza kwa kusoma barua, lakini zinafuta ukungu wa penseli kama skana ya nyeusi na nyeupe inavyofanya. Chagua picha halisi. La tatu: simu mara nyingi haizungushi picha, inaandika tu ndani ya faili kwamba izungushwe wakati wa kuonyeshwa. Programu isiyosoma maandishi hayo itaiona fomu imelala ubavu. Jaribu picha moja kabla ya kupiga mia.

Simu za iPhone huhifadhi kwa HEIC. Badilisha kuwa JPEG kwenye mipangilio ya kamera, yaishe.

Faili la kiolezo

Kiolezo ni faili linaloiambia programu kila kiduara kiko wapi kwenye fomu. Hapa hakuna ushindani mkubwa, kwa sababu programu ndiyo inayokuchagulia. FormScanner huhifadhi kiolezo kwa faili la xtmpl, ambalo ndani yake ni XML. OMRChecker hutumia template.json. SDAPS na Auto Multiple Choice hutengeneza fomu na vipimo vyake kwa pamoja kutoka kwenye maandishi ya LaTeX, lugha ya kupangia kurasa. Mimi napenda JSON, kwa sababu unaifungua kwa Notepad, unaona safu ya viduara inaanzia wapi na inaruka nukta ngapi, unarekebisha. Ukisahau koma moja faili zima linakataliwa, lakini linakwambia.

Kiolezo kiweke folda moja na picha zake. Bila vipimo hivyo, mwakani hutaweza kuzisoma tena zile picha kuthibitisha alama.

CSV au XLSX

Programu nyingi zinatoa CSV: maandishi matupu, koma kati ya safu na safu. Inasomeka na kila kitu, na itasomeka miaka ishirini ijayo. Hatari yake huanza mtu anapoibonyeza mara mbili ikafunguka kwenye Excel.

CSV haisemi hiki ni maandishi na hiki ni namba, kwa hiyo Excel inabahatisha. Namba ya mwanafunzi 0001 inakuwa 1. Mkondo ulioandikwa 4-2 unakuwa tarehe. Msimbo 3E2 unakuwa 300. Ukihifadhi hapohapo, umeshafuta ya asili. Namba za kitaifa za watahiniwa wa shule za sekondari zinaanza na herufi S, na herufi hiyo peke yake inazilinda. Namba za ndani za shule hazina ulinzi huo, kwa hiyo zipe herufi mwanzoni, au usifungue CSV kwa kubonyeza: fungua Excel tupu, ingia sehemu ya data, leta faili, uiambie safu hiyo ni maandishi.

Kwetu kuna jambo jingine, alama ya ritifaa kwenye majina. Kata ya Ng'hong'onha ina ritifaa mbili, na majina mengi ya Kigogo yanayo. Ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na Word yenyewe, ikiingia kwenye CSV ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) isiyo na alama ya utambulisho mwanzoni, Excel inaigeuza herufi tatu za ajabu. Cheti cha mtoto kikatoka na jina lililoharibika. Andika ritifaa iliyonyooka kwenye orodha ya majina tangu mwanzo, au hifadhi kwa chaguo la CSV UTF-8.

XLSX inakumbuka kwamba 0001 ni maandishi. Inabeba kanuni za wastani, nafasi ya mwanafunzi, rangi za madaraja. Kwa kikao cha walimu ndiyo yenyewe. Isipokuwa usitumie XLS ya zamani, ambayo inaishia mistari 65,536. Halmashauri ikiwa na watahiniwa 1,400 wenye maswali 50, na kila jibu likawa mstari wake, hiyo ni mistari 70,000, na iliyozidi haina pa kukaa. XLSX inafika 1,048,576.

Kuliko kubishana kati ya hizo mbili, angalia safu zilizomo. Nataka CSV iwe na jibu alilochagua mwanafunzi kwa kila swali, si jumla ya alama tu. Ionyeshe tofauti swali lililoachwa wazi na lililojibiwa mara mbili. Na iwe na jina la faili la picha ya fomu ile. Mwongozo wa majibu ukigundulika umekosea swali la 17, unabadilisha herufi moja na kukokotoa upya bila kuskani tena. Mzazi akiuliza, unafungua picha ya mwanawe kwa jina hilo na kumwonyesha. CSV hiyo ya kwanza iwekee ulinzi wa kusomwa tu, na mahesabu yote yafanyike kwenye nakala ya XLSX.

Kabla ya bunda zima

Chukua fomu kumi tupu na uzijaze mwenyewe kwa makusudi: moja kwa penseli nyepesi, moja yenye majibu yaliyofutwa kwa raba, moja yenye vivuli viwili kwa swali moja, moja iliyokunjwa, nyingine sahihi kabisa. Andika pembeni unachotarajia. Ziskani kwa nyeusi na nyeupe, kisha kwa kijivu, kwa PDF na kwa PNG, kisha uzipige picha kwa simu. Pitisha kila kundi kwenye programu yako na ulinganishe na ulichoandika. Mashine yako, karatasi yako na penseli za watoto wako zitakuonyesha kizingiti cha weusi kikae wapi. Fomu hizo kumi zitunze bahashani. Skana ikibadilishwa au fomu ikichapwa upya, zipitishe tena kabla ya kugusa fomu za wanafunzi.